Koeberg: asilimia 5 iliyokaa mahali pake

Kila nikitaja Koeberg mbele ya watu, hakosi mmoja wa kuuliza: asilimia 5 tu? Ni kweli, mtambo huo wa nyuklia wa Afrika Kusini hutoa takriban asilimia 5 ya umeme wa nchi. Ila sisi wahandisi wa gridi, kabla ya kuuliza kiasi, huwa tunakunjua ramani.

Makaa ya mawe, yanayotoa umeme mwingi wa nchi, yako Mpumalanga, mashariki. Cape Town iko ncha ya kusini-magharibi, kilomita 1,400 hivi kutoka huko. Kwa umbali huo umeme mwingine hupotelea njiani kwa kupasha nyaya joto, na volteji hulegea kadiri laini inavyorefuka na mzigo unavyozidi. Wanaokaa mwisho wa bomba la maji mtaani wananielewa. Koeberg iko huko mwisho wa bomba, kilomita 30 hivi kaskazini mwa Cape Town: vinu viwili vilivyoanza kazi 1984 na 1985, kila kimoja zaidi ya megawati 900, vikimwaga umeme palepale unapotumika na kuishikilia volteji isianguke. Maji baridi ya Atlantiki yako mlangoni, ya kupoza mvuke uliomaliza kazi.

Faida hiyo ndiyo hatari yenyewe. Desemba 2005 boliti iliyosahauliwa ndani ya jenereta ya kinu namba 1 iliharibu rota, sehemu yake inayozunguka. Kinu kilikuwa kizima kabisa. Kilichoumia ni upande wa kawaida, ule ambao mtambo wowote wa makaa unao. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2006 Cape Town na jirani zake walikaa kwa mgao, na rota ya kuazima ikabidi iletwe kwa meli kutoka Ufaransa. Boliti moja!

Nyuklia pia haipendi kupandishwa na kushushwa kila saa. Gharama yake kubwa ni ujenzi, mafuta yake ni rahisi, kwa hiyo kila megawati usiyoizalisha ni hasara. Ndiyo maana usiku, mahitaji yakishuka, umeme wa ziada hupandisha maji mlimani kwenye kituo cha Palmiet, na jioni maji hayo hushuka yakitoa hadi megawati 400. Mimi naona huo ndio ufundi mzuri kuliko wote wa eneo lile, ingawa wageni wote huenda kupiga picha vinu.

Mitambo imezeeka. Kuanzia Desemba 2022 hadi Novemba 2023 kinu namba 1 kilisimama kubadilishiwa jenereta zake tatu za mvuke (zile zinazochemsha maji kwa joto la kinu, si za kuzalisha umeme), na 2023 nchi ikapata mgao mbaya kuliko miaka yote, hasa kwa sababu ya mitambo ya makaa kuharibikaharibika. Mwaka 2024 kinu hicho kiliongezewa leseni hadi 2044.

Ndugu zangu wa Afrika Mashariki huniuliza, na sisi lini? Kinu kimoja cha Koeberg ni karibu sawa na mitambo minne kati ya tisa ya Bwawa la Nyerere. Ifikirie yote minne ikizimika kwa mpigo saa moja jioni. Kanuni ya zamani ya fani yetu inasema mtambo mmoja usizidi sehemu ya kumi ya gridi. Kenya, jioni yake yenye matumizi makubwa kabisa mwaka 2025, ilipita megawati 2,300 si kwa mbali sana. Piga hesabu.