Je, wajua kwa nini jarida la fasihi la Transition lilijaa barua na hoja za siasa?

Anayefungua matoleo ya zamani ya Transition, jarida lililoanzishwa Kampala mwaka 1961, hutarajia mashairi na hadithi fupi, na kweli huyakuta, yakiwemo mashairi ya Christopher Okigbo wa Nigeria. Lakini katika matoleo hayohayo hukuta pia mabishano kuhusu katiba, mapitio ya vitabu, insha juu ya viongozi waliokuwa madarakani, na barua za wasomaji ambazo nyingine zina ukali wa kushangaza.

Mwanzilishi wake, Rajat Neogy, alikuwa kijana mzaliwa wa Kampala mwenye asili ya Kihindi. Alianza kazi hiyo wakati Tanganyika, Uganda na Kenya zikipata uhuru kwa kufuatana, kati ya mwaka 1961 na 1963, na katika miaka hiyo swali la namna ya kuandika lilikwenda sambamba na swali la namna ya kutawala. Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa akifundisha sayansi ya siasa Makerere, aliandika humo mwaka 1966 makala ya kumkosoa Kwame Nkrumah muda mfupi baada ya kupinduliwa kwake, na makala hiyo ikazua majibu makali.

Mfano ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni mjadala wa lugha. Mnamo Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere. Mwaka uliofuata Obi Wali, mhakiki kutoka Nigeria, alichapisha katika Transition makala fupi akidai kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya haina pa kwenda. Waandishi waliohisi kuguswa, miongoni mwao Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini, walijibu kwa barua. Na mwaka 1965 Chinua Achebe akatetea humohumo, kwa insha kamili, haki ya Mwafrika kukitumia Kiingereza kwa namna yake. Mjadala mmoja, basi, umetawanyika katika makala, barua na insha, na mtafiti anayechambua hadithi na mashairi peke yake atausoma nusunusu. Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wetu, tunaoishi na mjadala huo hadi leo, hatujawahi kuzisoma barua hizo.

Neogy aliwaachia wasomaji nafasi kubwa kwa makusudi, na aliilipia gharama. Mwaka 1968 jarida lilichapisha barua ya Abu Mayanja, mbunge aliyeikosoa serikali ya Milton Obote kuhusu katiba na uteuzi wa majaji. Mwezi Oktoba mwaka huo wote wawili walikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi. Neogy aliachiwa mwaka 1969, akaondoka Uganda, na jarida likahamia Accra, ambako baadaye lilihaririwa na Wole Soyinka kabla ya kusimama mwaka 1976. Lilifufuliwa Marekani mwaka 1991, na matoleo ya Kampala sasa yanasomeka kwenye maktaba za kidijitali, kurasa za barua zikiwemo.