Toeni neno "uhamasishaji" kwenye dhamira yenu

Wiki iliyopita nimekaa tena kwenye warsha ya baraza la serikali la kuzuia matumizi ya dawa za kulevya. Kazi ilikuwa kuandika upya dhamira ya baraza, yaani ile sentensi inayosema baraza lipo kwa kazi gani. Kwangu ni warsha ya sita au ya saba ya aina hiyo, nimeacha kuhesabu. Chai haijapoa, mjumbe mmoja akasimama, akachukua kalamu, akaandika kwenye bango kitita: "Kujenga jamii isiyo na dawa za kulevya kupitia elimu na uhamasishaji." Wadau wakapiga makofi. Maneno kumi na moja, na karibu yote yana kesi ya kujibu.

Nyuma ya sentensi ile kuna imani moja ambayo nimechoka kuijibu kwa upole: kwamba watu hutumia kwa kuwa hawajui. Waambie madhara, wataacha. Nimefanya kazi na madaktari wanaovuta sigara. Mapafu wanayajua kuliko mimi, wameyashika kwa mikono yao, na mapumziko yakifika wanatoka nje na kiberiti.

Majaribio ya imani hii yamefanyika, tena kwa fedha nyingi. Mwaka 1983 mjini Los Angeles ulianza mpango wa D.A.R.E., polisi wakiingia madarasani kufundisha watoto kukataa dawa. Ulisambaa Marekani nzima na nje yake. Watafiti walipowalinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, hawakuona tofauti ya maana katika matumizi baada ya miaka kupita. Kisha ikaja kampeni ya matangazo ya serikali ya nchi hiyo hiyo, kati ya 1998 na 2004, iliyotengewa karibu dola bilioni moja. Tathmini haikuona kwamba ilipunguza uvutaji wa bangi kwa vijana. Zilionekana hata dalili za kinyume. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kijana akionyeshwa tangazo la bangi mara kwa mara hahitimishi kuwa bangi ni mbaya. Anahitimisha kuwa wenzake wote wanavuta, amebaki yeye tu.

Sisemi elimu ni haramu. Stadi za maisha zikifundishwa kwa miezi, na mwalimu aliyeandaliwa, huwa zina matokeo madogo ya kweli. Ninachokataa ni kuandika elimu kwenye dhamira kana kwamba ndiyo kazi yenyewe. Kitenzi cha dhamira huzaa viashiria, na viashiria ndivyo huvuta bajeti. Ukiandika "kuhamasisha," mwisho wa mwaka utaulizwa watu wangapi wamefikiwa, nawe utajibu kwa idadi ya mabango, fulana na vipindi vya redio, pamoja na picha za matembezi ya Juni 26, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya. Hakuna atakayeuliza kama umri wa kuanza kunywa umepanda au umeshuka, kwa sababu hakuna aliyetumwa kuupima. Nimesoma taarifa za mwaka ambazo kila kiashiria kimetimizwa kwa zaidi ya asilimia mia, na humo ndani hakuna hata tarakimu moja inayomhusu mtumiaji.

"Isiyo na" nitaipitia haraka. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulijiwekea 2008 kuwa mwaka wa kutokomeza au kupunguza kwa kiasi kikubwa kilimo haramu cha koka inayotoa kokeini, bangi, na mpopi unaotoa afyuni. Mwaka ukafika, ukapita. Taasisi yenye lengo la sifuri hushindwa kila siku, halafu huzoea kushindwa.

Halafu hilo "dawa za kulevya." Niliuliza kama pombe imo. Ukumbi ukaangalia simu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, pombe ilihusika na vifo milioni 2.6, dawa nyingine za kulevya vifo 600,000. Lakini pombe ina leseni, inalipa kodi, na serikalini ina watu wengi wa kuitetea kuliko lilivyo baraza lenyewe. Ndiyo maana mabaraza mengi hulikwepa suala la bei, saa za mauzo na matangazo, yaani zile nyenzo zenye ushahidi mzito kuliko zote tulizo nazo, yakaenda kufanya tamasha shuleni.

Kinachonikera zaidi ni neno "kinga" kutumika kama blanketi la kufunika kila kitu. Kuna kinga ya jumla kwa watu wote, kinga teule kwa makundi yenye hatari zaidi, na kinga lengwa kwa wale ambao dalili zimeshaanza. Si madaraja ya sifa. Kila moja ina njia zake, na ukichanganya unaumiza watu. Mwaka 1999 mtafiti Thomas Dishion na wenzake walieleza jinsi kuwakusanya vijana wenye matatizo kwenye kundi moja, kwa nia njema kabisa, kulivyoongeza uvutaji wa sigara na utukutu miongoni mwao. Walifundishana. Walichekeana hadithi zile zile ambazo mwezeshaji alikuwa akijaribu kuzizima. Hata hivyo, kila nikifika mahali naulizwa kama tunaweza kuwaweka "watoto watukutu" kambini wiki mbili. Hapana, jamani. Hapana.

Baraza basi lifanye nini? Halitibu, halikamati, na shule si zake. Lina kiti tu ambacho wizara zote zinalazimika kukizunguka. Kitenzi chake ni kile kisichopigiwa makofi: kuratibu. Na kupima, kila mwaka, kwa maswali yale yale. Iceland ndio mfano unaotajwa kila mahali, nami huutaja: mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliotangulia, mwaka 2016, asilimia 5. Dodoso za mara kwa mara, wazazi kukubaliana saa za watoto kuwa nyumbani, michezo iliyolipiwa ruzuku.

Hapa nikiri jambo ambalo kwenye slaidi huwa nalipita kwa kasi. Unywaji wa vijana ulishuka katika miaka hiyo hiyo hata kwenye nchi nyingine za Ulaya ambazo hazikufanya hayo. Sehemu gani ya mteremko ule ni ya mpango, na sehemu gani ni ya upepo wa zama? Hali ni hiyo hiyo kwa umri wa kuanza. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 1997 ulionyesha kwamba asilimia 40 hivi ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walipata utegemezi wa pombe wakati fulani maishani, dhidi ya kama asilimia 10 ya walioanza wakiwa na 20 au zaidi. Ni kuanza mapema kulikowafikisha huko, au waliokuwa tayari na majeraha ndio walioanza mapema? Nimebadili jibu langu mara mbili. Kwa sasa naamini yote mawili, na hilo si jibu la kuandika kwenye bango kitita.

Rasimu niliyoipeleka ilisema: "Kuratibu taasisi za serikali ili kuchelewesha umri wa kuanza kutumia vilevi, kupunguza madhara kwa wanaotumia, na kuhakikisha anayetafuta matibabu anayapata." Mjumbe aliyeandika ile ya kwanza aliisoma mara mbili, akauliza itaenea vipi kwenye fulana. Tukabishana juu ya "kupunguza madhara" hadi chakula cha mchana. Wengine walisikia ruhusa ya kutumia. Mimi nilikuwa nasema naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, kwenye gari la wagonjwa, na sindano safi kwa wanaojidunga. Maneno "kupunguza madhara" yamewekwa kwenye mabano, yanamsubiri mwanasheria. "Uhamasishaji" umerudishwa, safari hii umehamishiwa kwenye kiambatisho.