Doa jekundu si lugha: dhana potofu kuhusu picha za ubongo baada ya kiharusi

Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mtu anaweza kubaki na akili timamu ila maneno yakamkatalia. Hiyo ndiyo afasia. Watafiti hutumia MRI ya utendaji, yaani mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo mtu akiwa anafanya kazi fulani, kufuatilia jinsi lugha inavyojipanga upya baadaye, na picha zake zinavutia kiasi kwamba husomwa visivyo, hata na watu wa hospitalini.

Dhana: Madoa mekundu na ya njano ni seli za neva zikiwa kazini.

Mashine inaona damu. Eneo linalofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni kupita mahitaji yake. Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikishaitoa oksijeni hiyo huvuruga uga wa sumaku, ikiwa bado imeibeba haiuvurugi, na tofauti hiyo ndiyo inayopimwa. Ni ndogo, mara nyingi asilimia 1 hadi 3, na hufika kileleni baada ya sekunde 5 au 6.

Rangi hupakwa na kompyuta baada ya hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kutoa: chukua kipindi ambacho mgonjwa anataja majina ya picha anazoonyeshwa, toa kipindi cha kulinganishia. Hapo ndipo wengi huteleza. Ukilinganisha kutaja picha na kukodolea macho alama ya msalaba, doa lako litabeba pia kazi ya macho, ulimi, taya na masikio. Heri katika kipindi cha kulinganishia kumwonyesha mgonjwa picha zilizovurugwa, na kwa kila moja atamke neno lilelile.

Dhana: Pasipo na doa pamekufa.

Mwenye kiharusi mara nyingi tatizo lake lilianzia kwenye mishipa. Mshipa mkubwa wa shingoni ukiwa umebanwa, damu huchelewa kufika, na programu inayoitarajia kwenye sekunde ya 5 huiandika kuwa haipo. Kuna kipimo rahisi: mgonjwa abane pumzi kwa sekunde 15 hivi, apumzike, arudie mara kadhaa. Kaboni dayoksaidi hutanua mishipa na damu huongezeka ubongo mzima. Sehemu isiyoitikia, au inayochelewa, isihukumiwe kwa fomula ya kawaida.

Dhana: Upande wa kulia ukiwaka, lugha imehamia huko.

Hii ndiyo sugu kuliko zote. Mwaka 2006 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walichapisha picha za wagonjwa 14 waliopimwa mara tatu. Siku 2 hivi baada ya kiharusi, maeneo ya lugha ya kushoto yaliyosalimika yalifanya kazi kidogo mno. Kufikia siku ya 12, shughuli ilipanda pande zote mbili, na kulia ikazidi. Takribani miezi 10 baadaye, kilele kilikuwa kimerudi kushoto. Kwa hiyo mgonjwa akipigwa picha mara moja tu, jibu linategemea siku aliyopigwa.

Halafu kuna ugumu wa kazi. Hata mtu mwenye afya njema, ukimpa maneno magumu, huwasha maeneo ya umakini pande zote mbili. Mgonjwa anayehangaika na neno "kikombe" yuko katika hali hiyohiyo. Ndiyo maana kazi hurekebishwa ilingane na uwezo wake, na majibu sahihi huchambuliwa mbali na ya makosa. Kujua kama eneo linahitajika kweli, hulazimu kulivuruga kidogo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu na kuona kama usemi unayumba.

Kwa watoto mambo ni mengine. Watu waliopata kiharusi cha kushoto karibu na kuzaliwa wanaweza kukua lugha yao ikikaa kulia, mahali panapolingana na pale pa kushoto.

Dhana: Mgonjwa kazi yake ni kulala tu.

Akisogeza kichwa milimita 2 au 3, keshatoka kwenye chembe moja ya picha hadi nyingine, na kusema kwenyewe hutikisa taya. Dawa yake ni sifongo pembeni mwa kichwa, mazoezi nje ya mashine kwanza, na vipindi vifupi vya dakika 6 hadi 8. Njia nyingine ni kuinyamazisha mashine kwa sekunde chache, mgonjwa aseme, kisha picha ichukuliwe wakati damu inafika kileleni. Kitufe cha kujibia apewe mkono wa kushoto, kwa maana wa kulia mara nyingi umepooza.

Na picha ziwe za vitu anavyovijua. Mtu wa pwani akionyeshwa kifaa cha kukunia nazi akasema "mbuzi", yuko sahihi kabisa. Asiyejua Kiswahili atamhesabia kosa.

Dhana: Programu yenyewe itashughulikia kovu lililoachwa na kiharusi.

Haitaweza. Inapolinganisha ubongo na kiolezo cha kawaida, huvuta nyama nzima ili kuziba shimo, na doa hujikuta mahali pasipo pake. Kovu huchorwa, kipande kwa kipande, kisha programu huambiwa isilihesabu.

Dhana: Baada ya miezi 6 ubongo umefunga milango.

Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, ni kweli. Lakini jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2017 liliwachukua watu waliokaa na afasia miezi 6 au zaidi, likawapa tiba ya usemi angalau saa 10 kwa wiki, kwa wiki 3. Waliboreka, na kilichopimwa kilikuwa jinsi wanavyowasiliana katika mambo ya kila siku.