Je, wajua kwa nini 22/7 si pai?

Karibu kila aliyefanya maswali ya duara katika shule ya msingi anakumbuka agizo lililokuwa likiandikwa pembeni mwa swali: "Tumia π = 22/7." Alama ile ya usawa imewaachia wengi dhana isiyo sahihi, kwani namba hizo mbili hazilingani, na wala si za jamii moja: 22/7 ni namba wiano, ilhali pai si namba wiano. Archimedes, Mgiriki aliyeishi katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alionyesha kwamba pai ni kubwa kuliko 3 10/71 na ni ndogo kuliko 3 1/7, ambayo ndiyo hiyo 22/7. Kwake ilikuwa mpaka wa juu tu. Ukizilinganisha kwa desimali, 22/7 ni 3.142857… na pai ni 3.141592…, hivyo zinaachana mapema, kwenye nafasi ya tatu.

Namba wiano ni ile inayoweza kuandikwa kama sehemu ambayo kiasi chake na asili yake ni namba kamili, mradi asili isiwe sifuri. Neno la kuzingatia hapo ni "inayoweza", kwa sababu sura ambayo namba imekuja nayo haiamui lolote. Namba 5 ni wiano kwa kuwa ni 5/1, 0.25 ni wiano kwa kuwa ni 1/4; hata √9 ni wiano, kwani chini ya alama ile ya kutisha kuna 3 tu.

Kipimo kinachofundishwa mara nyingi ni cha desimali: ikikoma au ikijirudia, namba ni wiano, isipokoma wala kujirudia, si wiano. Kanuni hii ni sahihi, na sababu yake inaonekana ukigawanya 1 kwa 7 kwa mkono. Kumi kwa saba ni 1, baki 3. Thelathini kwa saba ni 4, baki 2. Ishirini ni 2, baki 6. Sitini ni 8, baki 4. Arobaini ni 5, baki 5. Hamsini ni 7, baki 1. Baki hiyo ya 1 ndiyo tuliyoanza nayo, kwa hiyo hesabu inarudi njia ileile, na jibu ni 0.142857142857… bila mwisho. Ukigawanya kwa 7, baki zisizo sifuri ni sita tu. Zikishatumika zote, hakuna mahali pengine pa kwenda. Ndivyo ilivyo kwa asili yoyote ile. Kinyume chake nacho ni rahisi: 0.363636… ukiizidisha kwa 100 unapata 36.363636…, toa ile ya kwanza, mkia wote unafutika, na inabaki kwamba mara 99 ya namba hiyo ni 36, yaani namba yenyewe ni 4/11.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki hakitumiki kwa macho. Kikokotoo cha kawaida kinaonyesha takriban tarakimu kumi, na ukigawanya 1 kwa 17 kitakupa 0.0588235294, bila dalili yoyote ya kujirudia, kwa sababu mzunguko wa desimali hiyo una tarakimu 16. Mwanafunzi anayetegemea kioo atasema si wiano, na atakosa. Kuna mtego wa upande wa pili pia: 0.101001000100001… ina mpangilio unaotabirika kabisa, sifuri moja ikiongezeka kila hatua, lakini hakuna kipande kinachojirudia vilevile, hivyo si namba wiano. Kuwa na mpangilio si kujirudia.

Basi tutajuaje? Kwa uthibitisho. Chukua karatasi ya A4. Vipimo vyake vimekusudiwa ili ukiikunja katikati ya urefu wake, nusu ibaki na umbo lilelile, na hilo linahitaji urefu ugawanywe kwa upana upate √2. Karatasi yenyewe ni milimita 297 kwa 210, ambayo ikirahisishwa ni 99/70. Mraba wa 99 ni 9801, na mara mbili ya mraba wa 70 ni 9800. Imekosekana kwa moja tu!

Moja hiyo haiondoki hata ukitafuta sehemu nyingine yenye namba kubwa kiasi gani. Tuseme √2 ni a/b, sehemu iliyokwisha kurahisishwa hadi mwisho. Hapo mraba wa a ni mara mbili ya mraba wa b, kwa hiyo ni shufwa. Na kwa kuwa witiri mara witiri huzaa witiri, a nayo lazima iwe shufwa. Iandike kama 2k: mraba wake ni 4k², hivyo b² ni 2k², na b nayo inakuwa shufwa. Zote mbili zinagawanyika kwa 2, ilhali tulisema sehemu imekwisha kurahisishwa. Dhana imejipinga yenyewe, hivyo sehemu hiyo haipo. Kwa njia inayofanana, kipeuo cha pili cha namba nzima yoyote ama ni namba nzima, kama √49, ama si namba wiano, kama √50.

Pai haikukubali hoja nyepesi kama hii. Ilisubiri hadi miaka ya 1760, Johann Heinrich Lambert alipothibitisha kwamba si namba wiano. Namba ya Euler, e, ambayo huanza 2.71828, ilikwisha kuthibitishwa kabla yake. Lakini zijumlishe hizo mbili, pai na e, na hadi leo hakuna aliyethibitisha kama jumla yake ni wiano au la, ingawa tarakimu za pai zilizokwisha kukokotolewa zimepita trilioni 100.