Eliya alilala kwanza

Mtu akichoka kiroho, ushauri unaomfikia haraka ni wa kuongeza: afunge siku tatu, akeshe, asome sura nyingi zaidi. Mimi humrudisha kwanza kwenye 1 Wafalme 19, aisome taratibu na kuangalia kipi kilitangulia kipi.

Nabii Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali pale mlima Karmeli. Anamkimbia malkia Yezebeli, anayetaka kumuua, hadi mji wa Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja. Chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, anaomba afe, kisha usingizi unamchukua. Malaika hamhubirii. Anamgusa na kumwambia ainuke ale. Kichwani pake pana mkate wa makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena, anaamshwa kula mara ya pili. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" linamkuta mlima Horebu, baada ya safari ya siku 40.

Kwa hiyo aliyechoka namwambia asimamishe mfungo na mikesha kwanza, alale mapema walau wiki nzima. Ukifunga na mwili umeshaishiwa, unapata kizunguzungu na hasira, halafu unadhani Mungu amekuacha.

Maombi nayo yafupishwe. Zaburi 13 ina aya 6 tu. Isome kwa sauti. Katika aya ya 1 na ya 2, "hata lini" inarudi mara 4. Kila ikifika, nyamaza, utaje jambo lako lenyewe: deni, mgonjwa wa nyumbani, ndoa. Aya ya 3 na ya 4 ni za kuomba. Omba kitu kimoja. Tumaini linaanza aya ya 5, na wengi huirukia hiyo kwa kuona kulalamika ni utovu wa imani. Kama leo haitoki moyoni, ishia ya 4. Zaburi 88 inaishia gizani, na imo kwenye Biblia hiyohiyo. Maneno yakikauka kabisa, Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Kisha mzigo wenyewe. Musa alipoelemewa na kuamua kesi tangu asubuhi hadi jioni, mkwewe Yethro alimwambia aweke wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na kumi (Kutoka 18). Andika huduma zako zote, kwaya, uhazini, vikao, uweke alama kwenye zile ambazo mwingine anaweza kuzifanya, uzikabidhi kwa tarehe. Wengi hukwama hapa: wanakabidhi kazi, lakini maswali yote yanaendelea kupigwa kwenye simu yao.

Uchovu pia haujui kuhesabu. Eliya alisema amesalia peke yake; Mungu alimtajia watu 7,000 waliobaki waaminifu, akampa na Elisha wa kumrithi.

Na kama ombi lako limefika pale pa kutaka kufa, usimwache mtumishi Beer-sheba. Mwambie mtu mmoja leo, akae nawe, mwende pamoja kwa daktari.