Toleo maalumu la bourbon: maana yake, na jinsi ya kupima thamani yake

Ukiona maneno "toleo maalumu" kwenye chupa ya bourbon, ile wiski ya Kimarekani ya mahindi, yachukue kwanza kama habari ya hesabu. Mtengenezaji anakuambia kwamba chupa za namna hii ni chache, kwamba zimetoka mara moja tu au hutoka mara moja kwa mwaka, na zikiisha dukani hutapata nyingine zinazofanana nazo kabisa. Habari ya utamu bado hajakupa. Hiyo utaitafuta mwenyewe kwa pua na ulimi. Naandika haya kwa sababu hapa Louisville, Kentucky, ambako Kiswahili siku hizi unakisikia mpaka kwenye foleni ya duka, nimeona ndugu zetu wakitoa mshahara wa wiki mbili kwa ajili ya lebo.

Bourbon yenyewe imefungwa na sheria. Lazima itengenezwe Marekani, na katika nafaka zake mahindi yasipungue asilimia 51. Zinazobaki kwa kawaida huwa kimea cha shayiri pamoja na ngano au rai (rye), nafaka inayofanana na ngano. Uji wa nafaka ukishachachuka huchemshwa na mvuke wake hukusanywa, kazi ileile anayoifanya mpika gongo, ila kilevi kisizidi asilimia 80. Kisha pombe huingizwa kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa moto kwa ndani, ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5. Kutia rangi au ladha ya kando ni marufuku. Hata maneno "Bottled in Bond" kwenye lebo yana sheria yake tangu mwaka 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka isiyopungua 4 kwenye pipa, na kilevi asilimia 50 kamili.

Toleo maalumu halina sheria ya namna hiyo. Chupa 200 ni toleo maalumu, na chupa 20,000 nazo zinaweza kuitwa hivyohivyo. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni hili: uchache huu umetoka wapi?

Upo uchache unaotoka kwenye pipa, na huo mimi nauheshimu. Pipa la kawaida hubeba takriban lita 200. Kiangazi cha Kentucky kikipasha ghala, pombe hutanuka na kupenya kwenye mbao, na baridi ikija hurudi ndani ikiwa imebeba rangi na harufu. Wakati huohuo sehemu yake hupotea hewani kila mwaka, na wenyewe huita sehemu hiyo fungu la malaika. Pipa lililojaa lingetoa chupa zaidi ya 260 za mililita 750, lakini baada ya miaka 20 linaweza kubaki na chini ya nusu, na baadhi ya mapipa hukutwa karibu makavu. Bourbon ya umri huo ni chache hata kama mwenye kiwanda angependa iwe nyingi.

Wakati mwingine uchache ni wa uteuzi. Old Forester, chapa ya bourbon ya hapa Louisville, hutoa Birthday Bourbon tangu mwaka 2002, kukumbuka kuzaliwa kwa mwanzilishi wake, George Garvin Brown, tarehe 2 Septemba. Desturi yake ni kutumia mapipa yaliyojazwa siku moja, na siku moja ina mapipa yake tu. Buffalo Trace, kiwanda kilichoko Frankfort, hutoa bourbon iitwayo George T. Stagg bila kuipunguza kwa maji, na mara nyingi kilevi chake hupita asilimia 60. Mwaka 2021 hawakuitoa kabisa, wakasema mapipa yaliyotengwa hayakufikia ladha inayotakiwa. Mtengenezaji anayekubali kukosa mauzo ya mwaka mzima kwa sababu ya ladha, neno lake kwenye lebo nalipa uzito.

Na upo uchache wa karatasi. Bourbon ya kawaida inawekwa kwenye chupa nzito, inafungwa kwa nta, inatiwa kwenye kasha la mbao na kupewa namba ya mkono. Dawa yake ni kusoma lebo ya nyuma. Tafuta umri, kilevi, na mahali ilipotengenezwa. Ukikuta kampuni iko jimbo moja lakini lebo inasema pombe imetengenezwa Indiana, ujue mapipa yamenunuliwa. Hilo si kosa, kwani kiwanda kikubwa cha Lawrenceburg, Indiana, hutengeneza bourbon nzuri na kuwauzia wengi. Ila ujue unalipia kazi ya nani, na uulize kama pombe hiyohiyo haiuzwi kwa nusu ya bei chini ya jina jingine.

Sasa glasi. Tumia yenye mdomo mwembamba, mimina kidogo, iache dakika kumi ili ule mvuke mkali upungue. Unaponusa, fungua mdomo kidogo, maana ukivuta kwa pua peke yake kilevi kitakuchoma na hutasikia kitu. Funda la kwanza ni la kuzoesha ulimi, usilitolee hukumu. Funda la pili lizungushe mdomoni kama unatafuna, kisha meza na usubiri. Halafu tia matone mawili matatu ya maji, unuse upya. Bourbon yenye nguvu kubwa mara nyingi hufunguka hapo, harufu zilizokuwa zimefunikwa na ukali zikajitokeza.

Hapa mtu wa pwani ana mtaji ambao pengine haujui. Kemikali inayoipa karafuu harufu yake, eujenoli, imo pia kwenye mbao za mwaloni. Mbao hizo zikichomwa hutoa vanilini, kitu kilekile kinachonukia kwenye vanila, na zina laktoni zinazonukia nazi. Aliyekulia kwenye nyumba inayopika pilau na wali wa nazi atazitambua haraka kuliko anayezisoma kitabuni.

Dosari inayopatikana sana kwenye matoleo ya umri mkubwa ni ukakasi. Ni ule unaoupata ukila bibo au ndizi mbichi, ulimi unakauka na mashavu yanajivuta ndani. Hapo mbao zimeishinda nafaka, utamu wa mahindi umeliwa. Wako wanaoupenda na kuuita uzee. Kwangu, bourbon ya miaka 23 isiyobakiza dalili ya mahindi imekaa kupita wakati wake, bei yake iwe ngapi.

Kipimo ninachokiamini ni kuonja bila kujua. Desemba iliyopita tulikuwa wanne jikoni kwa rafiki yangu aliyenunua toleo maalumu la miaka 12 kwa bei iliyomuumiza. Tuliweka glasi tatu: toleo hilo, bourbon ya kila siku ya kiwanda hichohicho, na ya kiwanda kingine. Namba tuliandika chini ya glasi kwa kalamu, mkewe akazichanganya wakati sisi tuko sebuleni. Shemeji mmoja alinusa glasi ya pili akasema, "Hii inanuka kabati la nguo la bibi yangu Tanga, lile alilokuwa anaweka karafuu." Ladha yake ilikaa kooni muda mrefu kuliko nyingine zote. Tulipogeuza glasi, ya pili ndiyo ilikuwa toleo maalumu, lakini wawili kati yetu walikuwa wameichagua ile ya kila siku. Mwenye chupa alikaa kimya kidogo, akasema, "Ni nzuri zaidi, nakubali. Ila si mara nane." Tangu siku hiyo naulizia hivyohivyo: imezidi kwa kiasi gani ndugu yake wa rafu ya chini?

Swali hilo ni muhimu kwa sababu bei ziko mbili, ya kiwanda na ya mitaani, na zinaachana sana. Pappy Van Winkle, bourbon inayotengenezwa Buffalo Trace, ya miaka 23 ilikuwa kwa miaka kadhaa na bei ya kiwanda ya takriban dola 300, wakati mikononi mwa watu ilifika maelfu. Kiu hiyo huvuta wizi: mwaka 2013 chupa zaidi ya 200 za Van Winkle ziligundulika zimeibwa Buffalo Trace. Huvuta pia waghushi, wanaonunua chupa tupu na kuzijaza pombe ya rahisi. Na katika majimbo mengi mtu binafsi kuuza pombe bila leseni ni kosa. Kentucky imeruhusu tangu mwaka 2018 maduka yenye leseni kununua chupa za zamani zilizofungwa kutoka kwa watu na kuziuza tena. Nyingine za mtandaoni unanunua gizani.

Mimi hugawanya bei kwa glasi. Chupa ya mililita 750 hutoa kama glasi 17 za kawaida, hivyo chupa ya dola 850 ni dola 50 kwa kila glasi. Baa nyingi za hapa huuza matoleo haya kwa glasi, kwa hiyo nunua moja kwanza, na pembeni agiza ya kawaida ya kiwanda kilekile. Ukiinunua chupa, ifungue. Iweke wima, mbali na jua, kwa sababu ikilazwa kilevi hula kizibo. Ikishashuka chini ya theluthi hewa huanza kuichosha, basi ihamishie kwenye chupa ndogo au waite rafiki zako jikoni muimalize pamoja.