Columbus hadi Ann Arbor: tunayodanganyana kuhusu mechi ya chuo

Ukikaa Columbus, Ohio, hata kama moyo wako uko kwa Simba au Yanga, haupiti mwaka wa pili kabla mtu hajakuambia: "Twende Michigan tukaone mechi." Mechi yenyewe ni ya futiboli ya Kimarekani, kati ya Ohio State, chuo cha hapa Columbus, na Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko Ann Arbor. Mimi nilivutwa Novemba 2023. Tulikuwa wanne garini: mimi wa Tanga, kaka mmoja wa Eldoret, ndugu yetu wa Bukavu mwenye gari, na kijana aliyezaliwa hukuhuku ambaye Kiswahili chake ni cha kusemeshwa na mama. Mengi tuliyoambiwa kabla ya kuondoka yalikuwa uongo mtupu au nusu ya ukweli, na kila mwaka nasikia watu wakiambiana yaleyale.

"Hiyo ni mechi ya watoto wa shule. Kubwa ni ile ya ligi ya kulipwa."

Hapa ndipo wengi wanapotea. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliofunguliwa 1927, unachukua watu 107,601. Wa Ohio State unachukua 102,780. Kwenye NFL, ligi ya kulipwa yenyewe, hakuna uwanja hata mmoja wenye viti laki moja. Mji wa Ann Arbor una wakazi laki moja na ishirini na kitu, kwa hiyo siku ya mechi ni kama mji mzima umemiminwa kwenye bakuli moja. Uwanja wa Mkapa, ambao derby ikijaa tunaona dunia yote iko Temeke, unachukua 60,000.

Kwa nje huwezi kuukadiria, maana sehemu kubwa ya viti imeshuka chini ya usawa wa ardhi. Unapita getini ukidhani utapanda ngazi, kumbe tayari uko juu na umati uko chini ya miguu yako. Kaka wa Eldoret alifika pale akasema "Wee!" akasimama katikati ya njia, mpaka watu wa nyuma wakaanza kutusukuma. Siku ile walitangaza watu 110,615.

"Vijana wanacheza bure, kwa mapenzi ya chuo."

Zamani walau ungeweza kutetea hilo, ukiacha ada na malazi waliyolipiwa. Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kuuza jina na sura yake kwenye matangazo. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kikawa kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Bure iko wapi hapo?

"Ni masaa matatu tu, tukitoka saa tatu asubuhi tunawahi."

Kwa ramani, kweli: ni kama kilomita 300. Lakini mechi hii kwa desturi huanza saa sita mchana. Ukitoka saa tatu, utasikiliza robo ya kwanza redioni ukiwa kwenye foleni.

Sisi tulikubaliana saa kumi na moja alfajiri. Tukafika kwa yule kijana, taa zimezimwa, simu haipokelewi. Tukagonga. Akatoka mama yake na kanga mabegani, akatuangalia kama wezi. Kumbe mtoto alisikia "kumi na moja", akatafsiri kichwani, akatega saa ya kumwamsha kwenye 11:00 ya Kizungu. Tulipoteza dakika arobaini, na Mbukavu hakuacha kumkumbusha njia nzima.

Barabara yenyewe ni rahisi: njia ya 23 kupitia Delaware na Marion, unakatiza kwenda Findlay, unashika I-75 hadi Toledo, kisha 23 tena. Mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, tambarare mpaka macho yanachoka. Ugumu unaanza ukishavuka mpaka wa jimbo, magari yanapoanza kupeperusha bendera na kutambaa. Na ukifika usitegemee kuegesha mlangoni. Watu huegesha kwenye uwanja wa gofu wa chuo na kwenye nyasi za nyumba za watu. Sisi tulimlipa mzee aliyepanga magari sita mbele ya baraza yake, akituelekeza kwa mikono kama utingo wa daladala: rudi, rudi, kata, poa. Toka pale, nusu saa kwa miguu.

"Kule maegeshoni ni ulevi mtupu."

Pombe ipo, nisikudanganye. Lakini kinachotawala ni moshi wa nyama. Familia zinafungua buti tangu asubuhi, zinapanga meza, majiko na viti, na bibi wa miaka sabini anageuza soseji. Tulipofungua sambusa zetu, majirani wenye jezi za bluu walisogea wenyewe, na ndani ya dakika kumi beseni likabaki na mafuta tu. Ndani ya uwanja wa Michigan pombe ilikuwa haiuzwi kabisa mwaka ule. Wameanza kuuza 2024.

"Ukivaa nyekundu Ann Arbor utapigwa."

Nyekundu na kijivu ni za Ohio State; manjano ya mahindi na bluu ni za Michigan. Tulivaa nyekundu wote wanne. Tulizomewa kuanzia kwa yule mzee hadi kitini, na mama mmoja alituuliza kama nyumbani kwetu wanajua tulipo, kisha akatupa vifuko vya kupashia mikono joto. Ni utani wa watani wa jadi. Ngumi za kweli zilikuja mwaka uliofuata, kwetu Columbus, na waliorushiana ni wachezaji wenyewe: Michigan walishinda 13–10, wakataka kusimika bendera katikati ya uwanja, polisi wakapuliza pilipili, na kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000.

"Uhasama huu ulitokana na vita vya Toledo."

Kila gari likipita Toledo lazima mtu aitoe hii. Ni kweli Ohio na Michigan waligombea ule ukanda mwaka 1835, wakapeleka wanamgambo. Mwishowe Ohio ikapata Toledo, na Michigan ikapewa rasi ya kaskazini na kuwa jimbo 1837. Ila vyuo hivi vilikutana mara ya kwanza 1897, miaka sitini baadaye, Michigan wakashinda 34–0. Ohio State hawakuonja ushindi hadi 1919. Upande mmoja ukishinda kila siku, huo bado si uhasama, ni uonevu. Chuki tamu tunayoijua leo ilipikwa uwanjani, hasa kuanzia 1969 hadi 1978, Woody Hayes, kocha wa Ohio State, alipokuwa akipambana na Bo Schembechler, kocha wa Michigan aliyewahi kuwa msaidizi wake.

"Wanaita mpira wa miguu na mguu hautumiki."

Kaka wa Eldoret aliling'ang'ania hili tangu Marion. Timu inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Ikiona haiwezi, kwa kawaida inaupiga mateke mbali ili mpinzani aanzie nyuma. Mateke hayo ni nusu ya akili ya mchezo. Mfano wangu ni wa tarehe 25 Novemba 1950, Columbus. Tufani ya theluji, upepo unachapa, mistari ya uwanja haionekani. Michigan wakaona kushika mpira kwenye hali ile ni kujitafutia balaa, wakawa wanaupiga mbali na kumwachia mwenzao akosee. Walipiga mateke 24. Hawakufanikiwa hata mara moja kupata zile yadi kumi, na hakuna pasi yao hata moja iliyodakwa. Wakashinda 9–3.

Vipi? Teke moja la Ohio State lilizuiwa likatoka nyuma ya mstari wao: pointi mbili. Jingine likazuiwa karibu na mapumziko, Michigan wakaulalia mpira eneo la mwisho: sita, na moja ya nyongeza. Hata zile tatu za Ohio State zilikuwa za mguu wa Vic Janowicz, kupitia katikati ya nguzo. Kocha wa Ohio State akajiuzulu baada ya msimu ule, na aliyechukua nafasi yake ndiye Woody Hayes. Kaka wa Eldoret akasema sawa, amekubali, lakini bado ni raga.

"Tiketi ukishalipia umemaliza."

Siku hizi iko kwenye simu, na simu haipendi baridi. Yangu ilikuwa na asilimia thelathini tukitoka garini, getini ikazima. Niliiweka kwapani chini ya koti hadi ikawaka. Chukueni pawabenki, na hamishianeni tiketi mkiwa bado nyumbani, maana watu laki moja wakifungua simu pamoja mtandao unakufa. Begi langu la mgongoni, lenye chupa ya chai na chapati, lilikataliwa mlangoni. Nikarudi nalo kwa mzee, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Nikapitwa na mabao ya mwanzo.

"Mechi ni dakika sitini."

Robo nne za dakika kumi na tano, ndiyo, lakini saa inasimama kila mara na utakaa pale masaa matatu na nusu. Vaa soksi mbili. Na usiondoke mapema kukwepa foleni: siku ile Michigan wakiongoza 30–24, Ohio State walikuwa na mpira na wanakuja. Zikiwa zimebaki sekunde 25, Rod Moore wa Michigan akaudaka mpira uliorushwa kwa Marvin Harrison Jr. wa Ohio State, mechi ikaishia hapo. Moore ni mtoto wa Clayton, Ohio. Mwenyeji mmoja aliyekaa nyuma yetu alituambia hilo mara tatu, polepole.

"Woody Hayes alisukuma gari hadi Ohio."

Husemwa kwamba aligoma kununua mafuta Michigan, asiwaachie hata senti. Hadithi hiyo ina matoleo mengi, na lile la kushuka na kusukuma ndilo la kutiwa chumvi. Ubaya ni kwamba Mbukavu aliisikia maegeshoni. Tukirudi, taa ya mafuta ikawaka kabla ya Dundee. Sheli ziko kulia na kushoto, na yeye, ambaye hadi leo hajui bao lina pointi ngapi, akakaza usukani: "Hapana, ndugu zangu. Kwa hawa watu? Hapana." Akazima kipasha joto ili gari lisile mafuta. Tukafika Toledo tukiwa tumekumbatia chapati zilizopoa.